Vitabu vya Utulivu vya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa na vitabu vitatu vya kumfundisha mtu kutulia, na kijiji chetu kizima cha Ngonga hapakuwa na mtu aliyenusurika kuvisikia. Nasema kuvisikia kwa sababu mimi, mke wa mwanawe, sikuruhusiwa kumtazama wala kusema naye. Ndiyo desturi yetu Wanyakyusa: baba wa mume akitokea, mke wa mwanawe hujifunika nguo kichwani na kugeuka upande wa pili. Wamisheni waliwaambia waumini waiache. Baba mkwe aliacha pombe, akawaacha hata wake zake wawili wadogo, lakini desturi hii aliing'ang'ania, maana ilimpa msikilizaji asiyeweza kumjibu.

Basi alikuwa akikaa nje ya ukuta wa mianzi wa jiko langu na kusoma kwa sauti. Cha kwanza kilikuwa kijitabu cha misheni juu ya saburi, chembamba kama saburi yake mwenyewe chakula kikichelewa. Cha pili kilikuwa cha Kijerumani. Humo, alisema, imeandikwa kwamba mwenye hekima hashtuliwi na njaa, kifo, wala amri ya serikali. Kijerumani alichokijua hakikuzidi maneno kumi, ila kufunua kurasa alikujua vizuri. Cha tatu, alichokisifu kuliko vyote, alikiandika yeye.

"Mwambie yule wa jikoni aanze na hicho," alimwagiza mama mkwe, nami nasikia kila neno. Kusoma nilikuwa nimejifunza kwenye darasa la ubatizo, nikakisoma. Kilihusu hasira, na hasira zote zilikuwa za wanawake.

Wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza askari wakaja na jumbe wetu kutafuta wapagazi. Mume wangu alikuwa kwenye migomba, mimi nachochea moto. Mara baba mkwe akaingia mbio jikoni, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga, akachuchumaa nyuma ya chungu kikubwa cha Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani. Askari alichungulia, akaona mwanamke tu. Lakini mimi, bila hata kufikiri, nilikuwa nimeshajifunika na kuugeukia ukuta. Yule askari alikuwa mgeni, angejiondokea. Jumbe ndiye aliyecheka.

"Huyu hakujifunika kwa ajili yako. Baba mkwe wake yumo humu."

Wakamtoa. Yule asiyeshtuliwa na amri ya serikali alitetemeka mpaka nikasikia meno yakigongana, na Mungu anisamehe, nilicheka ndani ya nguo yangu. Kisha nikamsikia akisema, "Mimi ni mzee. Nina mwana mwenye nguvu, yuko migombani pale. Mchukueni yeye."

Wakamchukua mume wangu. Miezi mingi baadaye tukaletewa habari kwamba alifia njiani, na mzigo kichwani.

Siku ya tatu ya msiba baba mkwe alimtuma mama mkwe aniletee kile kitabu cha tatu, amekunja ukurasa wa kuwafundisha waliofiwa wasilie ovyo. Nikakichukua, nikauzunguka ukuta wa mianzi, nikaivua nguo kichwani. Matusi nilikuwa nimeyapanga ya kutosha. Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza maishani, na hakuna aliyewahi kunionya: macho yalikuwa yale yale ya mume wangu.

"Tata," yaani baba, nikaanza, na matusi yote yakanipotea. Nikakiweka kitabu chake mapajani mwake, nikaketi chini mbele yake, nikalia kwa sauti, kilio kile kile kilichokatazwa na kitabu.