Siku Redio Alipoambiwa Anyamaze

Wateja wa saluni walimwita Redio, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Tangu anafungua mlango asubuhi mpaka anafagia nywele jioni, mdomo wake ulikuwa kazini. Aliwaigiza wateja wenyewe: yule anayeleta picha ya bibi harusi wa watu akitaka afanane naye, yule anayesema haumii huku machozi yanamtoka. Mwenye saluni alikuwa mama yake mdogo, aliyemlea tangu shule ya msingi. Ndiye aliyemwambia siku moja, chanuo likiwa limebanwa kwenye meno, kwamba kipaji hicho akipeleke chuo kabla hakijawafukuza wateja wote.

Basi akaomba. Vyuo vitatu vinavyofundisha maigizo vilikuwa vikifanya usaili wa pamoja katika ukumbi mmoja, ili walimu wao wawaone vijana wote kwa mkupuo. Redio alijiandaa kama mtu anayekwenda kuposwa. Alikariri kipande cha mjane anayezungumza na kiti cha marehemu mumewe, akakifanyia mazoezi mbele ya vioo vya saluni mpaka wanawake waliokaa chini ya draya wakawa wanamkumbusha maneno. Kichwani mwake alishachora picha ya usaili wenyewe: chumba kidogo, meza, watu wenye miwani, na yeye peke yake.

Alichokikuta ni ukumbi uliojaa vijana wamevua viatu. Wengine walikuwa wakijinyoosha, wengine wakiongea na ukuta. Mmoja alikuwa akilia pembeni, Redio akaenda kumbembeleza, kumbe mwenzake alikuwa anafanya mazoezi. Akaomba radhi, akarudi nyuma.

Alikuwa amevaa gauni lake zuri la kubana, na zoezi la kwanza likawa kutambaa sakafuni. Akalipandisha kidogo, akalipiga fundo, akatambaa. Wakaambiwa wapige makofi mmoja baada ya mwingine, watembee haraka bila kugongana, watupiane mpira usiokuwepo. Walimu walikaa pembeni wakiandika, lakini vijana walikuwa wengi na michezo ilikuwa mitamu, hata ikawa vigumu kukumbuka kwamba wanatazamwa. Hofu ilimtoka Redio bila kuaga.

Kisha mwalimu mmoja mwenye mvi akawagawa wawili wawili. Redio akaangukia kwa kijana mrefu kupita kiasi. Hapo hapo akambatiza jina la Mnara, akamweleza kwamba redio haishiki bila mnara. Kijana akacheka kidogo, akiangalia vidole vyake vya miguu. Ndipo mwalimu akatoa sharti.

"Mtatuonyesha watu wawili wakiwa mahali pa kazi," alisema. "Na hakuna kusema neno hata moja."

Redio alijiona kama aliyenyang'anywa tonge mdomoni. Zamu yao ilipofika hakuwa na wazo lolote, na Mnara alikuwa amesimama katikati ya ukumbi kama nguzo ya umeme. Kwa kuwa kichwa kiligoma, mikono ikajifanyia kazi yake ya kila siku. Alimshika Mnara mabega, akamkalisha kwenye kiti, akamlaza kichwa nyuma. Akafungua bomba lisilokuwepo, akapima maji kwa mkono, akauvuta haraka, akapunguza ya moto. Akaanza kumwosha nywele. Vidole vilizunguka utosini, vikashuka nyuma ya masikio, na kiganja kikakinga paji la uso ili povu lisiingie machoni.

Mnara, aliyekuwa amekakamaa kama ubao, akalegeza mabega. Akafumba macho, akashusha pumzi ndefu ambayo ukumbi mzima uliisikia. Redio akageuka kuchukua taulo, hakuliona. Akatazama huku na huku, akamwacha mteja wake kichwa kinachuruzika, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mwenye mvi na kulichukua taulo begani mwake. Mwalimu akageuka kuliangalia bega. Ukumbi ukaangua kicheko, na Mnara, macho yangali yamefumbwa, akaanza kutetemeka kwa baridi kama mtu aliyesahauliwa na maji kichwani. Hayo hakufundishwa na mtu.

Baadaye kila mmoja aliigiza kipande chake mbele ya wengine wote. Mnara aliposimama, sauti ilimtoka nzito hata wenzake wakakaa vizuri kwenye viti. Redio yeye alifika katikati ya mjane wake, maneno yakayeyuka. Akasema kwamba amesahau. Mwalimu akamjibu kwa upole aanze popote anapopakumbuka. Akaanzia kwenye kile kiti, polepole, akikiangalia kwanza, na safari hii akafika mwisho.

Mwisho yakawa mahojiano mafupi. Mwalimu alimuuliza atafanya nini asipochaguliwa.

"Mwakani nitakuja tena," alisema Redio, "ila nitavaa suruali."

Vyuo viwili vilimkataa. Cha tatu kilimpigia simu yuko kazini, anamsuka mteja, upande mmoja umekwisha na mwingine umesimama wima. Kilimtaka. Mnara naye alishapata nafasi katika mojawapo ya vile viwili, na alikuwa amemtumia ujumbe wa furaha usio na nukta wala mkato.

Mama mdogo alizima draya zote ili asikie vizuri, kisha akamkumbatia Redio, taulo na rola zikaanguka chini. Wateja wakapiga vigelegele. Yule wa kichwa nusu alitoka hivyo hivyo mpaka barazani kuwatangazia wenye maduka jirani, akarudi akijipepea, akakaa kitini sawasawa.

"Haya," alisema, "upande huu nisukwe na mwanachuo."