Usikubali, Shoga

Jucilene Firmino hakosei kipimo. Nimeshona naye chumba kimoja miaka kumi na minane, yeye kwenye cherehani ya mbele, mimi ya nyuma, na sijapata kumwona akikata kitambaa mara mbili. Magauni ya ngoma ya São João, sikukuu yetu ya Juni, yale ya marinda saba, nusu ya mji wa Campina Grande huyaagiza kwake. Ndiyo maana hadi leo nashangaa jinsi mtaa mzima wa José Pinheiro ulivyoamini kwamba mwanamke wa namna hiyo alibonyeza kitufe kimakosa.

Kompyuta ya kwanza mtaani ilikaa chumbani kwetu, kando ya robota za satini. Enzi hizo Brazili nzima ilikuwa kwenye mtandao wa Orkut, na mwalimu wetu alikuwa Jucilene. Alitufundisha kuweka picha na kuandikiana salamu, na zaidi ya yote alitufundisha ujanja wa ushuhuda. Ushuhuda ni maneno matamu ambayo rafiki anakuandikia yakae kwenye ukurasa wako. Salamu za kawaida zilisomwa na kila mpita njia, lakini ushuhuda haukuonekana na mtu mpaka wewe mwenyewe ubonyeze "Kubali". Basi watu wetu wakaugeuza bahasha. Ukiwa na siri unaiandika humo, na neno la kwanza unaandika "Usikubali". Mwenzako akishasoma anabonyeza "Kataa", na siri imezikwa.

Kati ya cherehani yake na yangu alikaa Marinalva, binti wa shemasi Adauto. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mwepesi wa mkono na mwepesi wa kucheka. Jucilene, asiye na mtoto wala mdogo, alimpenda waziwazi. Wawili hao walikuwa wameshachagua rangi ya kibao cha duka walilopanga kufungua, majina mawili juu yake. Mimi sikuwemo kwenye kibao, na sitasema kwamba haikuniuma.

Juni ya 2007, siku kumi na mbili kabla ya mkesha wa São João, tulikuwa na magauni arobaini na mawili hayajamalizika. Marinalva hakuonekana kazini siku mbili. Asubuhi ya tatu ukaja ushuhuda wake: "Usikubali. Shoga, nina mimba. Baba hajui. Ijumaa napanda basi la São Paulo, naenda kwa shangazi. Magauni utamalizia wewe. Nisamehe."

Nilikuwa nyuma ya Jucilene nikikunja pindo. Nilimwona amekaa mbele ya kioo cha kompyuta muda mrefu. Akabonyeza. Kisha akainuka, akaenda jikoni kuchemsha kahawa, akaacha kompyuta wazi.

Nikasogea nikasoma: siri ilikuwa imeshakubaliwa, imekaa ukurasani kila mtu aione. Mtu mwema angefunga ukurasa ule. Mimi nilikwenda getini nikamwita jirani, Dona Creusa, aje aone. Wala sikumwita mmoja, niliwaita watatu.

Kufika saa sita, shemasi Adauto alikuwa amekwisha kuambiwa. Sanduku la Marinalva lilitupwa barabarani likapasuka bawaba, na mwenyewe akaondoka alasiri ileile bila kumuaga mtu. Jucilene alilia mbele ya watu. "Nimebonyeza vibaya! Mama wee, nimebonyeza vibaya!" Watu wakambembeleza, mashine hizi ni za shetani, nani asiyekosea. Nami nilikuwa na sababu yangu ya kuamini hivyo, maana kama yeye alikosea tu, basi na mimi nilisoma tu. Miaka miwili baadaye shemasi alikufa bila kumwona mjukuu wake. Marinalva hakuja mazikoni.

Sasa ni mwaka 2012, na watu wamehama Orkut kama wanaohama nyumba inayovuja. Jucilene amebaki. Ana jumuiya yake kule, "Nilicheza Nikiwa na Gauni la Jucilene", watu mia nane, na hakuna anayeandika. Mwanzoni mwa Juni alikuja mteja mmoja, msichana wa midomo myekundu, akataka kuona picha za magauni.

"Ziko Orkut, mwanangu," Jucilene akamwambia.

"Orkut! Dona Jucilene, kule si umebaki wewe na marehemu? Hamia Facebook, mama, kabla hawajakuzimia taa."

Tukacheka. Siku ileile akafungua ukurasa kule, nami nikiwa pembeni nikila mahindi yangu ya kuchemsha. Haikupita saa, ombi la urafiki la kwanza likaingia. Marinalva Adauto de Lima. Kwenye picha alikuwa na msichana mdogo wa miaka minne hivi.

Jucilene akaifunga kompyuta kwa kishindo.

Juma hilo aliunguza satini kwa pasi. Yeye! Siku ya pili akakata mkono wa gauni mfupi. Nikashindwa kunyamaza.

"Shoga, mkubali mtoto wa watu. Hamia huko, ukurasa wa zamani ufute, yaishe."

"Nikiufuta yataisha?"

"Si kila kitu kinafutika?"

"Ndicho ninachokitaka, Nilda. Kila siku nakwenda mpaka kwenye kile kitufe cha kufunga ukurasa. Halafu naona aibu." Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake. "Mimi sikukosea."

Nikaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Ule ushuhuda niliusoma mara tatu. Nilikuwa na hasira. Magauni arobaini na mawili, na kibao cha duka, na yeye ananiandikia nisamehe, kama amevunja kikombe. Nikasema moyoni, sasa utaona. Nikabonyeza."

"Na mimi niliwaita watu," nikasema.

"Najua. Nilikusikia kutoka jikoni. Ningetoka ningekuzuia." Alitazama mikono yake. "Nilikuwa natia sukari kwenye kahawa."

Haya yalikuwa yametukalia chumbani miaka mitano, mwiba ambao kila mtu anaukanyaga na kusema hauumi. Nikamwambia amwandikie Marinalva huko Facebook, kimyakimya. Akakataa. Alimwaibisha Orkut, na Orkut ndiko atakakoaibika. Akakaa akaandika, na safari hii hakuandika "Usikubali".

"Kubali huu, tafadhali. Mimi Jucilene Firmino sikukosea kitufe. Nilijua ni siri, nikaitoa kwa hasira. Baba yako alikufukuza kwa sababu yangu. Ubonyeze Kubali, kila mtu asome."

Kisha akangoja. Wateja wakauliza picha, akawaambia atahamia baada ya São João. Siku tisa akawa anaingia kule asubuhi kabla ya kahawa, na mchana, na jioni, kwenye mji ule mtupu. Nilimwambia pengine Marinalva hapiti tena huko. "Basi nitamngoja humo humo," akajibu. Alikonda. Uji wa mahindi wa mama yangu, ambao huwa anagombania sufuria, aliuacha ukagandia bakulini.

Asubuhi ya mkesha, tukiwa tunatia vifungo vya mwisho, kompyuta ikalia. Ulikuwa ushuhuda. Alinivutia kiti nisome naye, maana macho yake yalikuwa yameshajaa machozi.

"Usikubali. Nilijua tangu siku ile, shoga. Kitufe kile ulinionyesha wewe, ukanishika na kidole. Nimengoja miaka mitano uniambie. Wako sitaukubali. Nimeusoma, nimeukataa, haupo tena. Siri ya mtu ndivyo inavyotunzwa. Kama unataka kukubali kitu, ombi langu liko kule kwingine. Mtoto anaitwa Tainá. Anauliza magauni ya marinda yanashonwaje."

Jucilene alilia kama mtu aliyepigwa.

"Sasa unalia nini? Umesamehewa," nikasema.

"Angenianika ningepumua, Nilda. Ananisitiri! Mimi nilimfanya nini, na yeye ananisitiri!"

Akajipangusa kwa kipande cha satini. Akaingia Facebook, akalikubali ombi. Ukurasa wa Orkut hakuufunga, na ule ushuhuda hakuukubali wala hakuukataa. Uko palepale, na yeye ameapa kuingia kuutazama hadi watakapozima taa kweli.

Kisha akanigeukia.

"Siri ya Marinalva haikuwa yangu kuitoa. Hii ya kitufe ni yangu. Siku ile uliwaita akina nani?"

"Dona Creusa. Dona Socorro. Na yule wa duka la mkate, Lindalva."

"Wote wazima?"

"Wazima."

"Basi waite."

"Jucilene, leo ni mkesha, watu wana sufuria motoni..."

"Waite, Nilda. Sauti ileile."

Nikachomeka sindano kwenye mto wake, nikavua miwani. Nikaenda getini, nikaanza na Dona Creusa.