Sweta ya Abu Ghayib

Baghdad, mwanamume asiye na mtoto huitwa Abu Ghayib, baba wa asiyekuwepo. Ni jina la heshima, wanasema, ingawa wanaosema hivyo wote wana watoto. Hikmat alilibeba tangu alipooa na hakumwonyesha mtu kama linamuuma. Alikuwa fundi wa fotokopi kwenye soko la vitabu la Ijumaa, mwembamba, mbishi, na kila baridi alivaa sweta ileile ya kijivu, ya kufumwa kwa mkono.

"Abu Ghayib, sweta hiyo hujaichoka?"

"Kama imekuchosha wewe, angalia pembeni."

Miaka ya tisini, nchi ikiwa kwenye vikwazo, vitabu vya Dhafir Qurnawi vilipigwa marufuku. Mshairi huyo aliyekimbilia ughaibuni aliandika jambo moja tu maisha yake yote: watu wanaongoja. Katika mashairi yake ni mitende ya Basra iliyoungua vitani na mto ulioingia chumvi. Katika riwaya zake ni wanawake wasiofunga mlango. Wakubwa walimchukia kwa sababu askari aliyepotea hakumwita shujaa. Alimwita mtoto wa fulani. Hikmat alivinakili vyote kwa siri na kuvitia majalada ya vitabu vya mapishi.

Mwaka 1993 ikamfikia Sahani ya Tano, riwaya ya mama ambaye mwanawe Sami hakurudi kutoka vitani. Nakala iliyoletwa kwa magendo ilikosa karatasi moja. Mtu mwenye adabu angeacha pengo. Hikmat aliketi kwenye taipureta akaandika kurasa mbili za kwake: mama anamfumia Sami sweta, kila kiangazi anaifumua, kila baridi anaifuma upya, kubwa kidogo, kwa sababu kijana aliondoka mabega yake hayajamaliza kukua.

Kurasa hizo zikapendwa kuliko kitabu chenyewe. Kina mama waliobaki na picha ukutani walizijua kwa moyo. Hikmat akameza siri yake, na kila aliposifiwa kwa kitabu kile aliona aibu kweli.

Kisha serikali ikaanguka, Qurnawi akarudi. Ijumaa moja ya baridi alikuja kusoma kwenye mkahawa wa sokoni, na watu wakajaa mpaka madirishani. Hikmat alikaa karibu na mlango. Alijua akiumbuliwa leo, hakuna atakayeamini tena nakala hata moja iliyopita mikononi mwake. Angekuwa mghushi, basi.

Mteja wake wa zamani, Um Luay, yaani mama wa Luay, akasimama. Mwanawe alipotea katika vita vya Iran.

"Ustadhi, tusomee pale pa sweta."

"Sweta gani, mama yangu?"

Mama akampelekea nakala yake iliyochakaa. Qurnawi alisoma kimya, uso ukibadilika. Mzee akainua macho, akamtazama Um Luay kwa muda mrefu. Halafu akazisoma kurasa zile mbili kwa sauti, polepole, mpaka nukta ya mwisho, kama zake. Watu walilia bila kujificha.

Alipomaliza aliuliza ni nani aliyetengeneza nakala ile, nao kwa furaha wakamwonyesha Hikmat. Akamvuta nje.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, ustadhi. Nitukane tu, nastahili."

"Unajua karatasi yangu ilisemaje? Wanaleta maiti ya Sami. Mama anamzika. Kuanzia hapo hasemi neno tena."

"Sisi tulidhani amenyamaza kwa kungoja. Wallahi sikujua."

"Mimi nilimuua, wewe umemweka hai miaka kumi. Ningemwambia nini yule mama mle ndani?" Mzee akapangusa macho. "Niambie, sweta umeitoa wapi?"

"Kwa mke wangu, Sahira. Alianza mwaka tuliooana, saizi ya kichanga. Kila kiangazi anafumua, kila baridi anaongeza. Mwanetu tuliyemngoja alipofika miaka ishirini, akasema sasa basi, kijana ameacha kukua."

"Akaifanyaje?"

Hikmat akauvuta mkono wa sweta yake mpaka kwenye kiganja.

"Ilinienea mimi."