Karani Aliyejiandika Mwenyewe

Leo Baba nusura akose kazi kwa sababu ana kazi!

Wenzangu wa darasa, ninabandika haya ukutani kabla sijasahau hata neno.

Asubuhi karani alifika kwetu Koboko kuandika watu wasio na kazi. Watakaoandikwa ndio watakaofikiriwa kwa ujenzi wa barabara ya Arua.

Baba hupanga majani ya tumbaku ghalani siku mbili kwa wiki, tena msimu wa mavuno tu.

"Iko na kazi," karani akasema, akaishika kalamu bila kuandika.

"Siku mbili iko kazi? Siku tano nakula nini?"

"Mzee, wakubwa wanataka hii orodha iwe fupi."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. (Mama alikasirikia chai.)

Nikanyoosha kidole, kama darasani. Mazoea!

"Samahani, bwana karani. Wewe umepewa kazi hii kwa siku ngapi?"

Baba akanikazia macho.

"Tatu," karani akajibu polepole. "Leo iko ya mwisho."

Kisha akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akaandika jina lake kwenye orodha, na chini yake la Baba.

Ninyi mngewaandika wapi: kwa wenye kazi au kwa wasio na kazi? Jibuni hapa chini, kwa penseli.

Nilipotoka nyumbani, Baba alikuwa anatia sururu mpini mpya.