Bwana wa Jagi

Katika nyumba yetu ya kanisa hapa Ihanja, tunamoishi pamoja watu wazima wenye ulemavu wa akili na sisi wasaidizi wao, sala ikiisha hakuna anayegusa ugali kabla bwana wa jagi hajamnawisha. Maji huyajaribu kwanza kwenye shavu lake. Kisha hushika mkono wako, akaugeuza, akafuata vidole kimoja kimoja huku akiimba kwa pua wimbo usio na maneno, mpaka Noel, mpishi wetu, aanze kulalamika. Kwa Redempta, mkazi mwenzake, hukawia zaidi. Kidole chake cha mwisho kimepinda kwa ndani, naye kila siku hukinyoosha taratibu, kama vile leo kitakubali.

Jumapili alikuja mgeni kutoka Kinyangiri, jogoo kwapani. "Mimi ni jirani tu wa kwao Redempta," alisema. Redempta, ambaye hajatembelewa miaka tisa, aliinamisha uso. Jagi lilipomfikia, mgeni akasema, "Asante, nimeshanawa." Bwana wa jagi hakuondoka. Alisimama pale na beseni lake, ugali ukipoa, sote tukimtazama mgeni, mpaka akatoa mikono. Wimbo ukakatika. Kidole cha mwisho cha mgeni kilikuwa kimepinda vile vile. Akakinyoosha taratibu, kikagoma. Akaweka jagi chini, akamwinua mgeni kwenye kiti cha wageni, akamvuta kwa mkono ule uliolowa na kumkalisha ubavuni kwa Redempta.

"Shikamoo, kaka," alisema Redempta, kana kwamba ndiyo kwanza anafika.