Managu Mlangoni

Mnisamehe kwa mwandiko huu unaoegemea upande mmoja, na kwa maneno ambayo huenda nimeyakosea herufi. Shule niliachia darasa la nane, na kalamu naishika mara chache. Naandika kwa sababu watu huniuliza kwa nini nauza mboga na hali kazi ya kiwandani nilikuwa nayo. Kwa mdomo sijawahi kumjibu yeyote.

Aliyeniingiza kiwandani ni shangazi yangu. Naishi naye mtaa wa Tassia, na kazi yake ni kupakia biskuti. Kule, ukitaka kwenda msalani, unainua mkono, na msimamizi anakuuliza kwa sauti unakwenda wapi, watu wote wakisikia. Wenzangu walimjibu kwa mzaha wakaenda. Mimi sikuinua mkono. Niliacha kunywa maji asubuhi, nikawa najizuia mpaka jioni, mwishowe nikaugua. Kibarua kilipoisha sikurudi. Sikuwa na ndoto yoyote ya biashara. Nilitaka tu mahali ambapo sitaulizwa nakwenda wapi.

Nikaanza kuuza mboga chini ya ploti yetu, yaani jengo tunalopanga. Ghorofa ni nyingi na ngazi zinachosha, kwa hiyo wapangaji walikuwa wakiteremsha kikapu kwa kamba kutoka juu, pesa zikiwa ndani. Mtu anapaza sauti, "Sukuma wiki, kata nyembamba!" Mimi nakata, natia kikapuni, navuta kamba kidogo kumwashiria, kinapanda. Siku nzima iliweza kupita bila mimi kusema neno. Nilijua nyumba zinazopenda managu, mboga chungu ya kienyeji, na nyumba ambazo hazitaki hata kusikia mrenda ukitajwa.

Kisha kamba moja ikakatika, kikapu kikamwangukia mtu begani, na msimamizi wa ploti akapiga marufuku vikapu vyote. Watu wakitoka kazini walipanda moja kwa moja, na wakishapanda hawashuki. Wauzaji wengine walianza kupita milangoni wakiita. Mimi nilishindwa kuita, nikabaki chini na mboga zikanyauka.

Shangazi akaniambia kiwandani wanaandika watu tena. "Jumatatu tunaenda pamoja. Nimeshakuombea."

"Na mboga?"

"Mboga zimekushinda, mwanangu. Hakuna bubu anayeuza sukuma."

Hakusema kwa ubaya.

Jumamosi nikajaribu njia ya mtu mwenye haya. Nilifunga mafungu ya mboga kwa uzi mweusi wa kushonea, kwa sababu ndio uliokuwa nyumbani, nikaning'iniza kila fungu kwenye kitasa cha mlango wa wanaolipenda, bila kubisha. Niliwaza watanilipa wakipita. Sikujua kwamba ghorofa ya nne mpangaji mmoja alikuwa amehama, na mama mwingine ameingia jana yake.

"Nani amenifungia majani mlangoni?" Sauti yake ilishuka ngazi zote. "Na uzi mweusi! Nimelala hapa siku moja tu, na mshaanza!"

Watu wakatoka. Nilipofika chini kidogo ya ghorofa yake, nilimwona akilisukuma lile fungu kwa ufagio asiliguse kwa mkono.

"Mama, hiyo ni managu," kijana wa mlango wa pili akamwambia. "Pika tu."

"Pika wewe, ufe wewe!"

Ningeweza kugeuka. Lakini yeye akitupa lake, wengine nao wangetupa yao, na Jumatatu ningekuwa kiwandani. Nikapanda.

"Ni yangu."

"Unasemaje? Toa sauti!"

"Ni mboga yangu, mama. Nauza. Nilidhani yule wa zamani bado yupo."

"Na mlango huwezi kubisha?"

"Niliogopa."

Kijana akacheka mpaka akashika ukuta. "Aki huyu! Salamu tu humshinda, uchawi atauwezea wapi?"

Ngazi nzima ikacheka. Mama yule naye akajizuia akashindwa. "Sasa kama unauza, mbona hukuniuliza nakula nini? Mimi ni mtu wa kunde."

Nikamuuliza anataka kiasi gani. Na kwa kuwa wengine walikuwa wamesimama palepale, nikawauliza na wao, mlango kwa mlango. Niliporudi chini, mgongo ulikuwa umelowa jasho.

Jumatatu shangazi alisimama mlangoni na mkoba wake. "Unakuja?"

"Kuna mtu anangoja kunde."

Akatia mkoba begani, akaenda.

Sisemi kujiajiri ni kuzuri. Mvua ikinyesha nakosa, nikiugua hakuna wa kunishikia kazi, na kubisha hodi bado kunanitoa jasho. Ila mlango ukinishinda asubuhi, naurudia jioni, na hakuna anayeniuliza nilikuwa wapi. Wengine husema ni pesa iliyowatoa kwenye ajira. Kwangu haikuwa pesa. Ninyi mnaojifanyia kazi wenyewe, niandikieni mniambie ni nini kiliwatoa, na ni nini kinawazuia kurudi. Nitasoma zote.