Theluji Niliyomwambia Bi Kempe

Mwaka jana kijijini kwetu theluji ilikaa mpaka katikati ya Mei.

Usiende kuitafuta kwenye taarifa za hali ya hewa, hutaiona. Theluji hiyo niliiangusha mimi, kwa mdomo wangu, na ilimwangukia mtu mmoja tu.

Bi Kempe.

Naitwa Danilo. Shule niliikimbia darasa la tisa, naezeka mapaa, kwa hiyo msitegemee maneno ya kitabu hapa. Naishi juu milimani, Saksonia, karibu kabisa na mpaka wa Ucheki. Kushuka bondeni ni kilomita kumi na nane. Wenzetu wa bondeni wakianza kupanda maua, sisi bado tuna koleo mkononi tunasukuma theluji.

Novemba nikanunua pikipiki.

MZ nyekundu. Umri imenizidi, lakini kwangu ilikuwa mpya kuliko mpya. Ilikuwa ya marehemu Siegmar, mume wa Bi Kempe, aliyefanya kazi kwenye kiwanda kilichoziunda. Yule mzee alikuwa anaifuta kila Jumamosi, mpaka chini ya tanki unajiona uso.

Bi Kempe, miaka sabini na nne, mkazi wa bondeni, aliniuzia bei ya kutupa. Ila kwa sharti.

"Kijana, msimu ukifunguka, safari ya kwanza ni mimi na wewe. Mpaka bwawani. Tunakula soseji, tunarudi."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Siegmar na mimi tulikwenda kila tarehe moja Aprili, miaka thelathini na nane. Mwaka huu alikufa Machi. Nikaimaliza Aprili nzima nimekaa dirishani."

Akajipiga nyonga ya kushoto.

"Hii hapa wananikata tarehe ishirini na nne Aprili, wananiwekea ya chuma. Daktari kasema baada ya hapo pikipiki nisahau. Kwa hiyo tuna siku ishirini na tatu, basi. Utanikumbuka?"

"Bi Kempe, tarehe moja, saa nne asubuhi, nipo mlangoni."

Tukapeana mkono. Ule mkono ulikaza kama spana.

Sasa, huku pikipiki nyingi zina pleti namba ya msimu. Pembeni imegongwa 04 juu, 10 chini. Aprili mpaka Oktoba. Nje ya miezi hiyo huna bima, huna ruhusa, hata kuiegesha barabarani ni kosa. Unabaki na pikipiki ya kuangalia.

Basi nikaiangalia.

Desemba bosi akafunga kazi, maana paa lenye barafu halipandwi. Mimi kukaa siwezi. Nikahamia bandani. Naikalia MZ nimevaa helmeti, nakanyaga gia, nafanya vuuum kwa mdomo.

Mama akawa anachungulia: "Danilo, chakula unakuja kula au nikutilie kwenye tanki?"

Januari ikapita. Februari ikagoma kupita.

Tarehe tisa Machi, Jumapili, jua likawaka la ajabu. Digrii kumi na sita. Barabara kavu. Mshkaji wangu Rico akapiga simu.

"Oya, umeona nje?"

"Nimeona."

"Sasa unasubiri nini? Mtoe huyo farasi."

"Pleti inasema Aprili."

"Pleti ina macho? Zunguka kijiji mara moja, rudisha. We muoga nini?"

Mimi ukiniita muoga umemaliza kazi.

Nikaitoa.

Nilipata dakika nne za raha. Nne tu, sizidishi.

Kuna jambo kila mtoto wa huku analijua. Majira ya baridi manispaa inamwaga vikokoto barabarani ili magari yasiteleze. Theluji ikiyeyuka, vikokoto vinabaki. Vinajikusanya kwenye kona kama mtama uliomwagika, mpaka Aprili gari la ufagio lipite. Ndiyo maana waendesha pikipiki wa kwetu hawaulizani kama theluji imeisha. Wanaulizana: "Wameshafagia?"

Walikuwa hawajafagia.

Kwenye kona, pale chini ya mlima wa skii, tairi la mbele likaondoka. Halikuniaga. Nikaona anga, nikaona lami, nikaona anga tena.

Nilikaa pembeni ya barabara nimeshika kifundo cha mkono, namtazama yule farasi mwekundu kalala ubavu. Tanki limebonyea. Shokapu za mbele zimepinda kama miguu ya mlevi.

Gari halikupita. Mtu hakupita. Nikamshukuru Mungu kwa hilo, mpumbavu mimi.

Nikatembea mpaka kwa Rico, akaja na gari la kubebea mbao, tukairudisha bandani. Fundi akaitazama, akakuna kichwa.

"Shokapu za hii nitazisaka, zipo. Ila Aprili usiitegemee."

Siku ishirini na tatu za Bi Kempe.

Jambo la kufanya lilikuwa jepesi. Kuna basi la kushuka bondeni kila saa. Unapanda, unagonga mlango, unasema nimeanguka.

Tarehe moja Aprili, saa tatu na nusu, nikapiga simu.

"Bi Kempe, samahani sana. Huku juu theluji imerudi."

"Imerudi?"

"Mpaka magotini."

"Haya, mwanangu. Milima ni milima. Tusubiri."

Nikajisemea, kumbe rahisi hivi.

Wiki iliyofuata nilikuwa kwa Rico, tunakunywa bia na jamaa mwingine wa kazini. Rico akasema, hebu mpigie yule bibi, weka spika tusikie.

Nikaweka spika.

Hapa ndipo naona aibu hata kuandika. Lakini nimeshaanza.

"Bi Kempe, bado."

"Bado? Pole yenu. Huku nyanya zangu zimeshaota."

"Huku hata mbwa hawatoki nje."

Jamaa akabana pua. Rico kaficha uso kwenye mto, mabega yanacheza. Nje ya dirisha lake, jirani alikuwa anakata nyasi kavaa kaptula.

"Danilo," akasema Bi Kempe, "una lolote jingine la kuniambia?"

"Hapana."

"Sawa. Nimeongea na hospitali. Nimewaomba wanisogeze mpaka tarehe kumi na tano Mei. Wamefoka kidogo, lakini wamekubali. Nyonga itavumilia."

Akakata.

Hakuna aliyecheka tena. Rico akaweka chupa chini.

"We jamaa, bibi wa watu anaumwa. Mwambie."

"Nitamwambia nini sasa? Nimeshasema magotini."

Ndivyo uongo ulivyo. Ukiumwaga leo, kesho unatafuta koleo.

Kila wiki nikampigia nikasema bado, mpaka shokapu zikapatikana Mei. Tanki likanyooshwa, likapigwa rangi. Tarehe kumi na mbili, siku tatu kabla ya operesheni, nikashuka bondeni nimebeba helmeti ya pili. Rohoni najipongeza. Si nimewahi?

Bi Kempe alinifungulia akiegemea fimbo. Fimbo sikuwahi kumwona nayo. Kutoka mlangoni mpaka jikoni, hatua kama nane, alisimama mara mbili.

Akanimiminia kahawa.

"Theluji imeyeyuka?"

"Juzi, Bi Kempe. Juzi tu."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Na mkono ulipona?"

Kikombe kikanigandia hewani. "Mkono gani?"

"Wa kulia. Uliokuwa umeushika."

Akavuta tableti iliyokuwa imeegemea bakuli la mkate. Akabonyeza mara mbili, akanigeuzia.

Kijiji chetu hicho. Mlima wetu wa skii.

"Wana kamera pale juu," akasema. "Inapiga picha kila dakika kumi, watu wa mjini waone kama theluji ipo. Tangu Novemba naifungua kila ninapokunywa kahawa yangu, asubuhi na mchana. Nilikuwa natazama weupe unapungua. Nami nilikuwa nasubiri, Danilo. Au ulidhani unasubiri peke yako?"

Nikainamia tableti. Kwenye pembe ya chini ya picha, barabara inaonekana. Ile kona.

"Tarehe tisa Machi. Saa nane na dakika ishirini, barabara tupu. Saa nane na nusu, pikipiki ya Siegmar imelala, na mtu yupo chini pembeni yake, kashika mkono."

Akanywa kahawa.

"Halafu ni dakika kumi mpaka picha nyingine. Unajua dakika kumi ni ndefu kiasi gani? Nilimwomba Mungu hapa hapa jikoni. Nilikuwa nimeshashika simu, nakupigia, hupokei. Saa nane na dakika arobaini umesimama. Nikalia kama mtoto."

Simu yangu siku ile ilibaki bandani. Niliona jina lake jioni, nikalipuuza.

"Mbona hukusema?" nikauliza.

"Niseme mimi? Mimi ndiye niliyeanguka?" Akaniangalia moja kwa moja. "Nilikupa nafasi kila wiki. Nikasogeza na operesheni, nikasema labda anaona haya, atakuja tu. Siegmar alianguka mara nne na mimi nikiwa nyuma, mara nne nikapanda tena. Kuanguka sijali. Lakini wewe uliniwekea watu wanicheke. Kiuno kibovu, mwanangu, masikio mazima."

Nikasema samahani. Nikaisema tena. Neno lenyewe lilikuwa jepesi, halina hata uzito wa kutua mezani.

"Twende sasa hivi, Bi Kempe. Tafadhali. Barabara zimefagiwa, nitakwenda polepole."

Akachukua fimbo.

Tukatoka. Nikaishikilia MZ isitikisike. Akaweka mkono begani kwangu, akainua mguu wa kushoto. Ukafika usawa wa ekseli, ukarudi. Akajaribu tena, meno kayauma. Mara ya tatu haukufika hata hapo.

"Aprili mwanzoni ulikuwa unapanda," akasema. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Akalipapasa tanki pale lilipopigwa rangi mpya.

"Wamekosea wekundu," akasema. "Nenda, kijana. Nenda kaiendeshe."

Akaingia ndani.

Sikuweza kuiwasha pale. Niliisukuma mitaa mitatu, helmeti mbili zimening'inia mkononi, watu wakidhani imeniharibikia.

Operesheni ilikwenda salama. Anatembea, anakwenda sokoni, nikimsalimia ananiitikia. Bwawani sijakwenda na pikipiki ile mpaka leo, na sitakwenda.

Wewe unayesoma, siwezi kukukataza kuanguka. Utaanguka. Ila ukianguka, mpigie simu unayemwogopa ukiwa bado umekaa chini pembeni ya barabara. Ukishasimama na kujipangusa vumbi, utaanza kutunga.